Kugawa mzinga au kutegea kundi: njia ipi itakufaa, kuanzia Nakuru hadi Kakamega

Mfugaji akishavuna asali mara mbili tatu na kuona wanunuzi wapo, hamu yake huwa moja: mizinga yenye nyuki iongezeke. Hapo ndipo ushauri huanza kugongana. Jirani atamwambia aning'inize mizinga mitupu na kusubiri, nyuki watakuja wenyewe. Afisa wa ugani atamwambia agawe mzinga wenye nguvu. Mwingine atamwambia anunue kundi lililokwisha kukomaa. Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, ila kila njia ina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hailipwi kwa pesa. Hulipwa kwa muda, kwa asali isiyovunwa, au kwa kundi zima linaloondoka na kukuachia masega matupu.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua. Mwenye mzinga mmoja au miwili yenye nyuki asigawe, ategee. Kuanzia mitatu na kuendelea agawe, lakini agawe kwa kufuata seli za malkia, yaani vyumba vya nta anamolelewa malkia mpya, ambazo nyuki wenyewe wameshazijenga. Njia ya kugawa mzinga katikati na kuwaachia nyuki walee malkia kutoka mwanzo, ambayo hufundishwa sana kwa sababu ni rahisi kuieleza, mimi naiweka nyuma. Sababu zangu ziko hapa chini.

Nyuki wetu kwanza

Vitabu na video nyingi kuhusu kugawa mizinga zimetengenezwa Ulaya na Marekani, kwa ajili ya nyuki wa huko. Nyuki wa nyanda zetu, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, ana tabia mbili zinazobadilisha hesabu yote.

Ya kwanza, huzaa makundi mapya kwa wepesi mkubwa. Mwaka 1956 malkia wa jamii hii walipelekwa Brazil kutoka Afrika, mwaka uliofuata makundi kadhaa yakatoroka, na uzao wao umesambaa hadi kusini mwa Marekani bila mtu yeyote kuwagawia mzinga. Ya pili, huhama. Kuzaa kundi na kuhama ni mambo mawili tofauti: kundi linapozaa, nusu huondoka na malkia mzee na nusu hubaki na malkia kijana, linapohama, wote huondoka. Njaa, siafu, jua kali juu ya bati, au kufunguliwa mzinga kila mara, vyote vinatosha kuwahamisha.

Tabia ya kwanza ndiyo inayofanya kutegea kuwe na faida huku kwetu kuliko Ulaya. Tabia ya pili ndiyo inayoufanya mgawo mchanga kuwa dhaifu kuliko vitabu vinavyoahidi. Kundi dogo lisilo na majana, yaani watoto wa nyuki, ya kulea halina kinachowafunga nyuki mahali hapo. Kumbuka hili kila unapoamua ni masega gani yaende kwenye mzinga mpya.

Njia zikiwekwa bega kwa bega

| | Kutegea | Kugawa, walee malkia wenyewe | Kugawa kwa seli iliyo tayari | Kununua kundi |
|---|---|---|---|---|
| Unachohitaji | Mzinga mtupu, nta, subira | Mzinga mmoja uliojaa, wenye mayai na majana machanga | Mzinga unaojiandaa kuzaa kundi | Pesa na usafiri wa usiku |
| Malkia anaanza kutaga | Siku chache baada ya kuingia, kama kundi lina malkia mzee | Wiki 3 hadi 4 | Wiki 2 hadi 3 | Tayari anataga |
| Asali ya mzinga mama | Haiguswi | Hupungua sana | Hupungua kiasi | Haiguswi |
| Kuchagua uzao | Huchagui | Unachagua | Unachagua | Ukikagua vizuri |
| Hatari kubwa | Mzinga kukaa mtupu msimu mzima | Malkia kutopatikana | Seli kuumia mikononi mwako | Kuuziwa kundi lisilo na malkia |

Jedwali linaonyesha sura tu. Uzito wa kila njia uko kwenye utekelezaji, na haulingani.

Kutegea

Hii ndiyo njia ya wazee wetu, na bado ni nzuri. Mzinga mtupu, au kisanduku chenye pau tano au sita (vijiti vya juu ambavyo nyuki hujengea masega), hupakwa nta upande wa ndani na kwenye kila upau, kisha huning'inizwa kivulini juu ya kimo cha mtu kabla maua hayajaanza kuchanua kwa wingi. Wengi husugua pia majani ya mchaichai mlangoni, na harufu yake kweli huwavuta wapelelezi. Nta kuukuu ya sega lililowahi kulea majana huvuta zaidi kuliko nta safi, ila usiache sega zima humo ndani. Nondo wa nta atalimaliza kabla nyuki hawajafika.

Jifunze kusoma mlango. Ukiona nyuki wachache wakiingia na kutoka, wakizunguka pembe na nyufa, bila chavua miguuni, hao ni wapelelezi wanaokagua nyumba. Ukiona wakirudi na vidonge vya chavua kwenye miguu ya nyuma, siku baada ya siku, kundi limeingia na kuna majana yanayolishwa. Hapo ndipo pa kuhamisha kisanduku jioni hadi mahali pake pa kudumu, si kabla.

Faida ya kutegea ni kwamba hupotezi kitu. Mzinga ulio nao unaendelea kuleta asali. Kama kundi lililoingia ni lile linaloondoka na malkia mzee, ataanza kutaga mara tu masega ya kwanza yatakapojengwa. Udhaifu wake ni mmoja lakini ni mkubwa: huchagui. Kundi linaweza kuwa kali kupita kiasi au vivu wa kukusanya, na utalijua baadaye. Tena mzinga mtupu una wapangaji wengine. Mende, buibui, mijusi na mchwa hawasubiri msimu. Usipoukagua na kuusafisha kila wiki mbili, nyuki watapita.

Jambo ambalo wategaji wengi hawalifanyi, na linaokoa makundi: kundi jipya likishaingia, na kama una mzinga mwingine wenye nguvu, wape sega moja lenye majana ambayo bado hayajafunikwa. Nyuki hawaachi majana yanayohitaji kulishwa kwa urahisi.

Kugawa na kuwaachia walee malkia wao

Wazo lake ni hili. Unachukua masega kadhaa yenye mayai na majana machanga, pamoja na nyuki wanaoyafunika, unayaweka kwenye mzinga mwingine bila malkia. Nyuki wakigundua hawana malkia, huchukua majana machache yenye umri usiozidi siku 3 tangu kuanguliwa na kuyalisha chakula cha kimalkia.

Tuhesabu. Malkia huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka, na wa kwetu huweza kutangulia kidogo. Kwa kuwa nyuki huanza na jana lililokwisha kuanguliwa, malkia hutoka karibu siku ya 12 baada ya mgawo. Kisha anahitaji siku tano hadi saba kukomaa, siku nyingine za kuruka na kupandana na madume, halafu siku mbili tatu ndipo aanze kutaga. Hapo umefika wiki ya 3 au ya 4. Nyuki kibarua naye huchukua takriban siku 20 tangu yai. Kwa hiyo mtoto wa kwanza wa malkia mpya hutoka wiki ya 6 au 7, wakati majana ya mwisho ya malkia mzee yalitoka karibu wiki ya 3. Kwa wiki 3 au 4 hakuna nyuki hata mmoja anayezaliwa humo ndani, huku wazee wakifa kila siku. Mgawo ulioanza na nyuki wachache hufika wiki ya 6 ukiwa na kiganja cha nyuki, na mbawakawa wadogo wa mzingani na nondo wa nta wakiwa wamejaa.

Pengo hilo lina upande wake mzuri: utitiri wa varoa, vidudu vinavyowanyonya nyuki, ulioripotiwa Kenya mwaka 2009, huzaliana ndani ya seli za majana zilizofunikwa, kwa hiyo mzinga usio na majana huukatiza. Lakini hiyo si sababu ya kuchagua njia hii. Ni faraja tu kwa aliyekwisha kuichagua.

Ukiifanya, ifanye kwa mzinga uliofurika nyuki hadi mlangoni, na upe kila upande masega matatu ya majana na mawili ya asali na chavua. Tena usisahau kwamba nyuki wanaotoka nje kutafuta nekta wanajua mahali, hawajui sanduku. Ukiuweka mzinga mpya upande wa pili wa shamba lile lile, wote waliozoea kuruka watarudi kwa mama na kuuacha mpya na vijana tu. Kuna njia mbili za kulizuia hilo. Ya kwanza ni kuupeleka mzinga mpya zaidi ya kilomita 3. Ya pili, ambayo haihitaji gari, ni kuiweka mizinga yote miwili nusu mita kulia na nusu mita kushoto mwa pale mzinga wa zamani ulipokuwa. Nyuki wanaorudi watakuta pahali pao pako katikati na watagawanyika. Ukiona upande mmoja unapata wengi, usogeze mbali kidogo na katikati jioni.

Kugawa kwa seli iliyo tayari

Hapa ndipo ninapokaa. Sababu ni rahisi: nyuki wanaojiandaa kuzaa kundi huanza malkia wapya wakiwa wameshiba, wakiwa wengi, na wakiwa na malkia mzee anayewapa mayai ya kuchagua. Malkia wa dharura, yaani yule anayelelewa baada ya nyuki kujikuta hawana malkia, hulelewa kwa haraka na walezi waliobaki. Zaidi ya hayo, unaokoa wiki nzima au zaidi ya lile pengo.

Seli za kuzaa kundi huning'inia kwenye ukingo wa chini wa sega la majana na pembeni mwake, zikielekea chini, na zina umbo la ganda la njugu karanga lenye vijishimo vijishimo. Seli za dharura hutokea katikati ya uso wa sega, pale jana lilipokuwa. Ukikuta vikombe vidogo vya nta vilivyo vitupu, bado. Mizinga mingi huwa navyo mwaka mzima. Kikombe chenye yai au jana linaloogelea kwenye maji mazito meupe, hapo kazi imeanza. Seli iliyofunikwa ina siku kama nane hadi malkia atoke. Itazame ncha: nta ikiwa imepunguzwa na rangi ikawa ya kahawia kama karatasi nyembamba, yuko karibu kutoka, siku moja au mbili tu. Seli hiyo ndiyo salama zaidi kuhamishwa, kwa sababu siku za kwanza baada ya kufunikwa malkia aliye ndani huumia hata kwa mtikisiko mdogo.

Sega lenye seli halikung'utwi. Wengi hukosea hapa kwa mazoea ya kuvunia, wanalipiga sega kofi nyuki waanguke, na malkia anayening'inia kichwa chini ndani ya seli anavunjika mbawa kabla hajaziona. Nyuki waliopo juu yake waondoe kwa unyoya wa kuku au kishada cha nyasi mbichi, au waache wabaki. Kabla ya kulitoa, toa kwanza sega la jirani ili pawe na nafasi. Seli ikigusa ukuta wa mzinga au sega lingine, imekwisha.

Sasa shida kubwa ya nyuki wetu: kumwona malkia mzee. Nyuki wa Ulaya hutulia juu ya sega. Wa kwetu hukimbia, hujikusanya pembeni na kuanguka vishada vishada, na malkia huanguka nao. Ukimtafuta kwa nusu saa, moshi umejaa, nyuki wamekasirika, na ng'ombe wa jirani amefungwa karibu. Kwenye mzinga wa Langstroth, yaani wa fremu zinazotoka moja moja, kuna hila inayokuondolea kazi hiyo. Masega ya majana unayotaka kuyahamisha, yafagie nyuki wote warudi sanduku la chini, uhakikishe hakuna malkia juu yake. Kisha weka kichujio cha malkia, wavu wa nafasi nyembamba, juu ya sanduku la chini, na juu ya kichujio weka sanduku la pili lenye masega hayo, pamoja na lile lenye seli. Funika uende zako. Usiku nyuki walezi hupanda kupitia kichujio kwenda kufunika majana. Malkia hawezi kupita. Siku ya pili unaliinua sanduku la juu ukiwa na hakika kwamba lina nyuki vijana, majana na seli, na malkia mzee yuko chini. Hukumtafuta hata kidogo. Kwa maoni yangu, hila hii peke yake inatosha kumfanya mtu anayetaka kugawa anunue angalau mzinga mmoja wenye fremu.

Upe mgawo seli mbili, si kumi. Kwenye mzinga mama, kama malkia mzee amebaki humo, ziondoe seli zote zilizobaki, la sivyo ataondoka na kundi kama alivyopanga na utabaki umegawa mzinga mara mbili. Kagua tena baada ya wiki.

Kwa aliye na bahati ya kumwona malkia mzee, kuna namna iliyo bora zaidi: mhamishe yeye. Mweke kwenye mzinga mpya na masega matatu, na seli ziache kwa mama. Wakusanyaji wote watarudi mahali pao pa zamani, watakuta majana, asali na seli, nao wataendelea kuleta nekta. Mzinga mpya utakosa wakusanyaji kwa wiki moja hivi, basi ulishe maji ya sukari, sukari kipimo kimoja kwa maji kipimo kimoja, ndani ya mzinga na jioni, ili nyuki wa mizinga mingine wasije kuiba.

Kuhusu muda wa kufanya kazi: tumezoea kuvuna gizani, lakini yai halionekani gizani. Anza kama saa kumi na nusu jioni, jua likiwa mgongoni mwako, uliinamishe sega kidogo ili mwanga upite juu ya bega hadi chini ya tundu. Yai la siku ya kwanza husimama wima. Kufikia la tatu limelala. Ukiona yai lililosimama, malkia alikuwepo hapo jana au leo, hata kama hukumwona. Maliza giza linapoingia, nyuki waliobaki nje warudi.

Kununua kundi

Hapa sina mengi. Ni njia ya haraka, na muuzaji mwaminifu yupo. Usilipe kabla hujaonyeshwa mayai na majana yaliyofunikwa kwa mpangilio mzuri, yasiyo na matundu mengi katikati. Hamisha usiku, mlango umezibwa kwa wavu unaopitisha hewa, kwa pikapu na si kwa bodaboda.

Mzinga ulio nao unaamua nusu ya jambo

Mzinga wa fremu ulitengenezwa kwa ajili ya kazi kama hii. Lorenzo Langstroth alipata hataza yake Marekani mwaka 1852, na jambo kuu alilolitumia ni nafasi ambayo nyuki hawaijazi nta wala ulimbo, hivyo fremu hutoka bila kuvunjika.

Mzinga wa Kenya wenye pau za juu, uliobuniwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, unagawika pia, ila kwa adabu. Sega limeshikwa na upau peke yake. Ukiliinamisha ubavu wakati lina asali changa na jua limelilainisha, litakatika na kuanguka na majana yake. Lishike wima muda wote, na ukitaka kuona upande wa pili lizungushe kwa kuuzungusha upau, si kwa kulilaza. Kwa kuwa pau zimebanana bila nafasi, toa kwanza upau mmoja mtupu wa mwisho, kisha sogeza zingine mmoja mmoja kuelekea hapo. Hakikisha pau za mzinga wako mpya zina upana ule ule, milimita 32. Fundi akikukatia pau pana zaidi, nyuki watajenga masega ya kupindana yanayounganisha pau mbili, na hutagawa tena mzinga huo bila kisu.

Mzinga wa gogo haugawiki. Lakini mwenye magogo asijione maskini. Gogo dogo lililojaa huzaa makundi kila msimu, na visanduku vya kutegea vikining'inizwa jirani na magogo hayo, ndiyo chanzo bora cha nyuki ninachokijua. Ukitaka kuhamia mizinga ya kisasa, usiyapasue magogo, yaache yazae.

Mahali ulipo

Kakamega na Vihiga kuna maua, kuna msitu, na kuna madume wa kutosha kutoka makundi ya mwituni. Malkia hupandana na madume 10 hadi 20 hewani, na ukosefu wao hauonekani hadi miezi baadaye. Tatizo la huku ni mvua ya mchana. Malkia kijana na madume huruka alasiri penye jua, na ndiyo saa ambayo mawingu kutoka upande wa ziwa hufunga na mvua ya mawe kushuka. Ukigawa ili malkia wako atoke katikati ya mvua nzito za Aprili na Mei, unaweza kupata seli nzuri, malkia mzuri, na asipandane kabisa. Panga wiki ya malkia iwe nje ya kilele cha mvua. Tena mashamba ya Vihiga ni madogo na nyumba ziko karibu. Kugawa kunataka mzinga ufunguliwe zaidi ya mara moja, na nyuki walioudhika hawajui mpaka wa shamba. Kama hakuna ua mrefu au miti kati yako na jirani, tegea.

Kisumu na bonde la Kano tatizo ni joto. Mgawo mdogo uliofunikwa bati bila kivuli huhama. Weka makuti au nyasi juu, na maji karibu yenye vijiti vya kutulia. Pande za Ahero uliza ratiba ya kunyunyizia dawa mashamba ya mpunga kabla hujapanga siku. Na usiweke mizinga chini karibu na mto Nyando kabla ya mvua. Mafuriko ya huko hayahitaji maelezo.

Nakuru ni nchi mbili. Upande wa Rongai, Solai na kushuka Mogotio kuna migunga, joto la wastani na maua yanayofuata mvua. Kugawa huko hufaulu ukiwahi mwanzo wa maua. Molo, inayokaribia mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi na majana yanataka karibu nyuzi 35 muda wote. Masega manne yanayotosha Rongai hayatoshi Molo. Huko usipeleke mgawo wenye chini ya masega sita yaliyojaa nyuki, na ubane nafasi kwa ubao wa kugawia ili wasilazimike kupasha joto hewa tupu.

Basi, wewe uchague ipi?

Una mzinga mmoja Lurambi au Mumias na mitatu mitupu: tegea, na mzinga ulio nao uuache ukue. Ukiugawa na malkia asipatikane, umebaki na nusu mzinga na msimu umepita. Una mitatu hadi sita, angalau mmoja wa fremu, na mmoja kati ya hiyo ni mpole na mwingi wa asali: subiri huo mpole ujenge seli, ugawe kwa kichujio, na seli za ziada uzipe migawo kutoka mizinga mingine. Hapo unapata nyuki na unaboresha uzao kwa wakati mmoja. Una mkataba wa asali mwezi ujao: usigawe chochote, vuna kwanza. Huoni madume wakitembea kwenye masega: usigawe pia. Dume huchukua siku 24 tangu yai, na siku nyingine kadhaa kukomaa. Pasipo madume leo, malkia wako hatakuwa na wa kupandana naye wiki mbili zijazo.

Njia yoyote ya kugawa utakayochagua, ukishaweka seli au mayai, acha mzinga uwe. Kuanzia malkia anapotoka hadi anapoanza kutaga, kufungua ni kumhatarisha: anaweza kuruka akapotea, au nyuki wakamzonga wakamuua. Fungua siku ya 28 kwa mgawo usio na seli, na siku ya 21 kwa wenye seli. Ukiona mayai, moja moja chini ya kila tundu, funga. Usipoona, wape sega moja lenye mayai kutoka mzinga mwingine na urudi baada ya siku nne. Wakijenga seli za dharura juu yake, hawana malkia, na umewapa nafasi ya pili. Wasipojenga, yupo, subiri wiki moja. Ukikuta mayai mawili matatu kwenye tundu moja, mengine yamebandikwa ukutani, vibarua ndio wanaotaga, na watazaa madume tupu. Kundi hilo usilipe malkia, liunganishe na mzinga wenye nguvu. Weka karatasi moja ya gazeti kati ya masanduku mawili, uitoboe kwa msumari mahali pachache, funika jioni. Watalitafuna gazeti kwa siku chache wakizoeana harufu, kisha utoe fremu zisizo na kazi na kuzihifadhi kwa mgawo wa msimu unaofuata.